Mama Komeo na Mabinti wa Tenisi

Mama mkwe wangu alipostaafu uaskari magereza, alihamia kwetu na sanduku moja la bati, mto wake wa kulalia, na tabia zote za kazini. Sanduku lilipata mahali, na mto ulipata mahali. Tabia ndizo zilizokosa pa kuwekwa. Kabla sijaamka alikuwa ameshazunguka nyumba nzima, amejaribu madirisha, ameusukuma mlango wa nyuma kwa bega kuona kama komeo limeingia sawasawa. Kisha alikuja kwenye mlango wa chumba chetu, akaufungua kiasi cha jicho, akatazama, akafunga.

"Anatuhesabu tu," mume wangu alinituliza. "Usimchukulie vibaya."

"Tuko wawili," nilimwambia. "Hesabu gani hiyo isiyokwisha?"

Wenzake kazini walimwita Mama Komeo, na nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza sikuuliza maana yake. Alikuwa mwanamke mnene wa mabega, mwepesi wa miguu, na hakuna kiti kilichoweza kumshika. Akikalia kochi alikalia ukingo wake, kama mgeni anayesubiri kuitwa ndani. Sufuria zangu alizipanga upya kwa ukubwa, viatu vya mume wangu akavipanga kwa rangi, na siku moja nilimkuta amesimama katikati ya sebule, mikono nyuma, anatazama ukuta. Nikamwambia, "Mama, pumzika." Akanijibu, "Nimepumzika tangu asubuhi, nimechoka." Tuligombana kwa heshima, yaani kila mmoja alifunga mlango taratibu sana.

Aliyetuokoa ni mdogo wake wa kiume, ambaye mume wangu anamwita Mjomba, na mimi vilevile. Mjomba alikuwa karani katika chama cha tenisi cha taifa. Siku hiyo alikuja na shati lililolowa jasho, akanywa maji glasi mbili bila kuketi, akasema chama kiko matatani. Msimu uliopita timu ya mabinti ilisafiri na kocha peke yake, mwanamume, na wazazi walikuja juu. Msimu huu lazima wawe na mlezi wa kike wa kuandamana nao kila raundi, nyumbani na nje ya nchi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Wanawake waliotajwa wote walikuwa na watoto, au waume, au hofu ya ndege.

"Tenisi ni ule mchezo wa kupigiana mpira juu ya wavu mpaka mmoja achoke?" Mama aliuliza.

"Huo huo, dada."

"Na kazi yangu itakuwa nini?"

"Kuhakikisha wanaokwenda ndio wanaorudi."

Uso wa mama mkwe wangu ukafunguka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu ahamie. "Hiyo naijua," akasema, na papo hapo akaenda kulivuta sanduku lake chini ya kitanda.

Mabinti walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa Nahodha, aliyelichezea taifa tangu akiwa na sare ya shule, mtaratibu wa maneno, goti lake la kushoto limefungwa bandeji kila siku ya Mungu. Wa pili walimwita Twiga kwa urefu wake. Akianzisha mpira, aliyekuwa upande wa pili alisikia kishindo kabla ya kuona kitu. Wa tatu, Chiriku, alikuwa mfupi na hakujua kunyamaza. Yeye na Nahodha ndio waliocheza mechi ya wawili wawili, na watu walisema Chiriku anawashinda wapinzani kwa kuwapigia kelele masikioni. Kocha wao alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia aliyoivua na kuivaa bila sababu.

Raundi ya kwanza ilichezwa hapa nyumbani, na mimi nilikwenda kutazama. Mama alikaa safu ya mbele, amevaa sare ya timu iliyombana mikono. Mwamuzi alipoanza kuhesabu pointi, aligeuka kwangu.

"Kumi na tano. Thelathini. Arobaini," alirudia. "Mbona si arobaini na tano? Hizo tano zimeliwa na nani?"

Chiriku, aliyekuwa akingoja zamu yake, alicheka mpaka akaegemea uzio. "Mama, hata sisi tumezikuta zimeshaliwa."

Twiga alipoingia uwanjani, Mama alianza kutetemesha goti. Halafu akasimama. Halafu akaanza kutembea kando ya uzio, kwenda na kurudi, mikono nyuma, jinsi alivyokuwa akizunguka ua wa gereza. Mwamuzi alisimamisha mchezo, akaomba yule mama mwenye sare aketi kwa sababu anamchanganya mchezaji anayeanzisha. Akaketi. Mpira mmoja tu, kasimama tena. Mwishowe alikwenda nyuma ya jukwaa, ambako haoni kitu, akawa anazunguka huko na kuufuata mchezo kwa makofi ya watu. Twiga alishinda, na siku ile walishinda zote.

"Mama," Kocha alimwambia jioni, "leo ulizunguka upande wa kulia. Usije ukabadilisha."

Alimwambia kama utani, lakini raundi iliyofuata, ugenini, nilisikia kwamba yeye mwenyewe alikwenda kumkagua nyuma ya jukwaa anazungukia wapi.

Yale ya ugenini sikuyaona. Nayajua kwa sababu alinipigia simu karibu kila siku, na yaliyobaki aliniambia baadaye, mengine nikayapata kwa Chiriku, ambaye huna haja ya kumuuliza. Chama kilikuwa na sheria: pasipoti za wachezaji zinakaa kwa mlezi mpaka warudi nyumbani. Mama alishona mfuko wa kitambaa kizito wenye zipu, akazifunga zote kiunoni, chini ya blauzi, na hakuzivua hata akinywa chai. Hotelini alichagua chumba kilichotazamana na vyumba vya mabinti, akaacha mlango wake wazi. Mtu akitoka kwenda kununua maji, anaulizwa. Akirudi, anatazamwa kichwa hadi miguu.

Nahodha ndiye aliyesema, tena kwa upole, "Mama, sisi si wafungwa."

"Najua," Mama akamjibu. "Wafungwa hawapotezi ufunguo wa chumba mara mbili kwa siku moja."

Aliyepoteza ufunguo alikuwa Chiriku, na Chiriku alicheka. Nahodha hakucheka. Na Mama, pamoja na kuwa na jibu lake tayari, aliniambia neno lile lilimkwama kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki.

Msimu ukasonga. Walicheza kwenye viwanja vya saruji vilivyotoa moto, wakacheza kwenye udongo mwekundu ulioingia mpaka kwenye mkate. Walishinda raundi moja, wakapoteza nyingine, wakashinda tena. Mama alikuja kujua kwamba Twiga hutapika kabla ya kila mechi. Alimshikia ndoo tu na kumfuta mdomo, na baada ya siku chache Twiga hakutaka kuingia uwanjani kabla Mama hajafika chumba cha kubadilishia nguo. Alijua pia kwamba Kocha hawezi kula siku ya mechi, na kwamba Chiriku akianza kuzungumza polepole ujue anaumwa.

Aliyemshinda kumjua alikuwa Nahodha. Wenzake wakimaliza mechi walikimbilia simu na bafu, yeye alibaki. Kila klabu waliyofika aliwakuta watoto wa pale wanafanya mazoezi kwenye viwanja vya pembeni, naye alijisogeza, akawashika mikono kuwaonyesha jinsi ya kukamata raketi. Hakujua lugha zao nyingi. Alipiga mpira, akaonyesha, akacheka nao. Mama alimfuata kwa mbali, maana kufuata mtu kwa mbali ilikuwa kazi yake, akamwona mtu ambaye hakuwahi kumwona mezani wala kwenye basi. Hata goti lilionekana kusahau maumivu.

Raundi ya mwisho ilikuwa katika mji wa baridi, mbali sana, ambako timu zote zilikusanywa mahali pamoja. Mshindi wa kundi angepanda daraja la juu, na nchi yetu haikuwa imewahi kufika huko. Walikaa siku nyingi. Mvua ilinyesha, mechi zikaahirishwa, watu wakashinda hotelini wakitazama dirisha. Mama alisema kwenye simu, "Mwanangu, hapa kila mtu ameshikwa na ugonjwa wangu." Alimsikia Kocha akitembea chumbani kwake, akajikuta naye anatembea kwa hatua zile zile.

Asubuhi ya siku ya mwisho, alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa, anakausha sare. Palikuwa na joto na harufu ya sabuni, mashine zinanguruma. Nahodha akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Goti?"

"Lipo." Akachukua soksi kwenye rundo, akaikunja. "Mama, naomba pasipoti yangu."

"Ya nini? Ndege ni kesho."

"Sitapanda."

Mama alizima mashine iliyokuwa karibu yake ili asikie vizuri. Nahodha akamweleza. Mwanamke mwenye klabu iliyo jirani na uwanja alikuwa amemwona akiwafundisha watoto siku zile za mvua, ndani ya ukumbi. Alimpa kazi. Viza yake ilikuwa bado na muda, na yule mwanamke aliahidi kwenda naye ofisi ya uhamiaji kuomba kibali. Huenda wangekubali, huenda wangekataa.

"Nina goti moja zima," Nahodha alisema. "Mwakani watanipungia mkono, basi. Nimejua kupiga mpira tangu utoto, na nyumbani hakuna anayehitaji nimfundishe. Hapa wapo."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Kocha?"

"Kocha atakwambia ufunge zipu."

"Mama yako?"

Nahodha aliikunjua soksi aliyokuwa ameikunja, akaikunja upya.

"Na mimi nikikataa?" Mama akauliza.

"Nitaondoka bila pasipoti. Hapo ndipo nitakuwa nimetoroka kweli."

Mama aliniambia kwamba katika maisha yake ya kazi aliwahi kutishiwa, kutukanwa, kumwagiwa uji, na hakuwahi kukosa neno. Mbele ya yule binti aliomba muda. "Niache nitembee kwanza," akasema, akatoka vile vile na ndara za kufulia.

Akatembea. Alipita duka la mikate, akapita shule ambayo watoto walikuwa wakiingia na makoti yao, akavuka daraja, akavuka jingine. Mfuko ulimpiga tumboni kila hatua. Alimfikiria mdogo wake, aliyemtafutia ile kazi na ambaye angebebeshwa lawama. Alimfikiria mama wa Nahodha, ambaye hajamwona hata siku moja. Kisha likamjia wazo ambalo, alisema, lilimfanya asimame katikati ya njia mpaka mtu wa baiskeli akampigia kengele: wale wote aliowafungia milango walikuwa wamepita mbele ya hakimu kwanza. Huyu amehukumiwa na nani?

Alipotaka kurudi, mitaa yote ilikuwa imefanana. Aligeuka hapa, akageuka pale, vidole vya miguu vimekufa ganzi. Ikabidi amsimamishe askari wa barabarani, mwanamke kijana, akamwonyesha kadi ya hoteli. Yule askari alimtazama ndara zake, akamshika mkono, akamwongoza mpaka mlangoni. Kocha na Twiga walikuwa nje, roho juu.

"Mama," Kocha akasema, "tumehesabu watu, amekosekana mlezi."

Twiga alijitahidi asicheke, akashindwa. Mama alimshukuru askari kwa kumpigia saluti, akapanda ngazi moja kwa moja hadi chumba cha Nahodha. Akafungua zipu.

"Hii ni yako," akasema. "Sikuwa na haki ya kuishika zaidi ya kukutunzia. Lakini sikiliza. Anayetoka kwa mlango hafukuzwi na mbwa. Unashuka sasa hivi unamwambia Kocha. Kisha unampigia mama yako, mimi nikiwa nimesimama hapa."

"Kabla ya mechi, Mama?"

"Kabla. Ukisema baada, utakuwa umecheza naye huku unamdanganya."

Kocha aliambiwa kwenye kona ya chumba cha chai. Alivua kofia, akaivaa, akaivua. Hakumtazama Nahodha, alimtazama Mama.

"Umempa?"

"Ni yake."

"Umeniharibia siku, Mama. Msimu mzima, halafu leo."

"Najua."

Kwenye simu ikawa vigumu zaidi. Mama yake Nahodha alikuwa mshonaji wa sare za shule, na simu ilipopokelewa ulisikika mlio wa cherehani. Nahodha alizungumza, akakwama, akazungumza tena. Cherehani ikanyamaza.

"Nipe huyo mama aliye na wewe," sauti ikasema.

Mama akapokea simu.

"Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kumrudisha mwanangu?"

"Ndiyo, mimi."

"Basi mrudishe."

Na simu ikakatwa.

Hawakuwa na mchezaji mwingine, kwa hiyo Nahodha alicheza. Twiga alishinda mechi yake, mbio mbio, kama mtu anayekimbia mvua. Nahodha akapoteza yake. Ikabaki mechi ya wawili wawili, ya kufa na kupona, na hapo pakawa na balaa jingine: Chiriku alikuwa ameshasikia. Chiriku, ambaye huzungumza hata akiwa amelala, aliingia uwanjani amefunga mdomo. Wachezaji wawili wasiosemeshana hugongana. Mpira ulipita katikati yao, kila mmoja akamwachia mwenziwe, mara ya kwanza, mara ya pili, seti ya kwanza ikaenda hivyo hivyo.

Katikati ya seti ya pili mpira ulipanda juu sana. Wote wawili waliinua vichwa. Chiriku akapiga ukelele, "Wangu," kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, akaupiga, akageuka akamwambia Nahodha mbele ya watu wote, "Ungeniambia mimi kwanza." Nahodha akasema, "Ningekwambia, ungenizuia." "Ningekuzuia ndiyo." Mwamuzi akawaonya. Tangu hapo Chiriku hakunyamaza tena, na walicheza kama watu waliorudishiwa mikono yao. Wakachukua seti ya pili. Mama alikuwa nyuma ya jukwaa, anazunguka kulia, kisha, aliniapia, akasimama. Akarudi mbele, akatazama kwa macho yake mpaka mwisho.

Mwisho haukuwa mzuri. Seti ya tatu ilikwenda sare, ikapita sare, na mpira wa mwisho wa Nahodha uligonga ukingo wa wavu, ukasita, ukaangukia upande wake. Hawakupanda daraja. Chiriku alijifunika taulo kichwani, akakaa hivyo muda mrefu. Halafu akapiga magoti, akaanza kuifungua bandeji ya Nahodha mzunguko mmoja mmoja, na bila kuinua kichwa akamwuliza huko kwenye baridi nani atamfungulia.

Tulikwenda uwanja wa ndege kumpokea Mama, mimi na mume wangu. Alitoka na mabinti wawili na kocha aliyemtangulia hatua kumi. Alipotuona, alinishika bega kwa nguvu isiyokuwa ya salamu.

Kamati ya chama ilimwita wiki ile ile. Mwenyekiti alimwambia amempoteza mchezaji wa taifa.

"Sijampoteza," alijibu. "Niulizeni aliko, nitawaambia mpaka jina la mtaa."

Walimshukuru kwa utumishi wake, maana yake mlango ni ule pale. Mjomba walimwondoa mezani, wakamhamishia stoo ya mipira na nyavu. Alikaa miezi bila kukanyaga kwetu, na siku dada yake alipompigia simu, alimwambia yuko kazini anahesabu mipira. Mama alirudi kwenye madirisha yangu na sufuria zangu, lakini sasa alizipanga akazipangua, akakaa akasimama, na chakula akakisukuma. Siku moja akaniambia nivae viatu.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mama wa yule binti. Aliniambia kwa simu nimrudishe mwanawe. Maneno kama yale huwezi kuyaacha kwenye simu."

Mshonaji alikuwa na chumba kimoja kilichofunguka barabarani. Sare za shule zilining'inia kila mahali, mashati yasiyo na kola, kola zisizo na mashati. Alikuwa mwembamba, chaki sikioni, tepu shingoni. Tulipojitambulisha, hakuacha kukanyaga cherehani.

"Nimekuja uniseme ana kwa ana," Mama akamwambia.

"Ungesema pasipoti imepotea," mshonaji akasema. "Uongo mdogo tu. Angerudi kuchukua nyingine."

"Ningeweza."

"Mbona hukusema?"

"Angeondoka bila hiyo. Leo ungekuwa unamtafuta kwa polisi, si kwa simu."

Cherehani ikasimama. "Usinipigie hesabu, mama. Uchungu wa kuzaa niliona mimi. Umeshazaa?"

"Mmoja."

"Yuko wapi?"

Mama akaniangalia mimi, mke wa huyo mmoja, niliyesimama mlangoni na mkoba wangu. "Nyumbani," akasema. "Nakaa naye."

"Basi rudi kwake."

Tulirudi kwa njia ndefu. Ile haikuwa siku ya kumwambia apumzike.

Wiki iliyofuata alikwenda tena, peke yake, akafukuzwa tena. Ya tatu akakuta shule ziko karibu kufunguliwa, na mshonaji amezidiwa, mlundo wa mashati unakaribia dari. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mama aliona nyuzi zinazoning'inia kwenye mishono, akachukua mkasi, akaketi juu ya furushi la vitambaa, akaanza kuzikata. Alikata mpaka jioni. Hakuna aliyesema asante. Kesho yake alikwenda mapema zaidi.

Kutoka kule kwenye baridi habari zilikuja kwa vipande. Uhamiaji walikataa mara ya kwanza. Yule mwanamke wa klabu akawasilisha ombi upya, wakasubiri, na Nahodha alikaa kipindi kile chote bila ruhusa ya kushika raketi, anakunja taulo nyumbani kwa mwenyeji wake. Halafu wakakubali. Chama kilishamfuta kwenye timu. Alimpigia mama yake kila Jumapili, na mama yake alipokea kila Jumapili, akamuuliza amekula nini, na la kurudi hakuligusa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini ngamani penyewe hapakumwita. Mama mkwe wangu alikuwa akisikiliza upande mmoja wa mazungumzo, akikata nyuzi.

Msimu mpya ulipoanza, Twiga ndiye aliyepewa unahodha. Mlezi mpya, kwa maneno ya Chiriku, ni mwanamke mwema anayelala popote anapoegemea. Siku ya mechi ya kwanza ugenini nilikwenda kwenye chumba cha mshonaji kumpelekea Mama dawa zake za presha alizosahau, nikawakuta wote wawili wamesimama, cherehani imeachwa katikati ya mshono.

"Una simu inayoonyesha mpira?" mshonaji akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha.

Niliitafuta mechi, nikaiegemeza kwenye kikopo cha vifungo. Picha ilikwama, ikaenda, ikakwama. Twiga alikuwa nyuma. Mama akaanza kutembea, lakini chumba kilikuwa na nafasi ya hatua mbili tu, na kila akigeuka alimgusa mshonaji bega. Sasa atatolewa nje, nikawaza. Mshonaji akasogea, akampisha.

"Yule mrefu hapindi goti," mshonaji akasema akiitazama simu. "Mwanangu alikuwa akimwambia kila siku."

"Hapindi," Mama akasema.

"Atapigwa."

"Atapigwa seti hii. Inayofuata ataamka."

Mshonaji alimtazama, kwa mara ya kwanza bila chaki wala kitambaa kati yao. Nilidhani atasema jambo. Alichosema ni kwamba mashati ya darasa la tatu yanachukuliwa kesho, na kama watu wanataka kutazama tenisi watazame mikono ikifanya kazi. Akamsukumia Mama rundo la kola zilizoshonwa, za kugeuza ndani nje, ambazo mpaka siku ile hakuwahi kumruhusu mtu mwingine azishike, akarudi kwenye cherehani, akaivuta simu karibu kidogo ili wote wawili waione.